Wala kwa Ulimi

Mama yangu aliponea chupuchupu kuhama kijiji alichoolewa, na aliyekaribia kumhamisha hakuwa adui yake. Nilikuwa mimi, mwanawe wa pekee wa kiume, pamoja na karatasi tano za kanuni niliyojiandikia ili niwe mtu mwema.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Sumbawanga mjini na saa moja kutoka kijijini kwetu. Mfukoni nilitembea na barua ya kukubaliwa chuo kikuu huko Uganda. Barua hiyo ilikuwa na tabia ya kuanguka chini kila nilipotoa leso mbele za watu, na mafua yangu hayakupona mwaka mzima. Uwanda wa Ufipa una baridi, lakini si ya kiasi hicho.

Kabla ya Kwaresima, padri alituita wanaume wanne kwenye mafungo ya kiroho ya siku tatu: katekista, seremala wa misheni, karani wa baraza, na mimi. Padri alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha vitabuni na Kifipa cha sokoni. Alituambia kwamba mtawa ana kanuni ya shirika lake, inayomwambia aamke lini, asali lini na anyamaze lini. Mwanamume wa kijijini mwenye jembe, baiskeli na wakwe hana kanuni. Anaishi kama siku inavyomkuta. Basi kila mmoja wetu ajiandikie ya kwake. Iwe fupi, alisema, na ilingane na maisha yake. Tungeiweka altareni Jumatano ya Majivu, na kila Jumapili baada ya misa tungekaa sakristia, kile chumba cha mavazi ya misa, sisi wanne na yeye, kila mtu aseme alipoanguka.

Neno "fupi" sikulisikia. Nadhani nilikuwa napenga kamasi.

Nilikwenda mjini, mtaa wa Mazwi, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake iliuza kila kitu kuanzia chumvi hadi minyororo ya baiskeli. Nikaomba karatasi nzuri, zile ndefu zilizotumika bomani.

"Hizi za kesi hizi," akasema, akinihesabia. "Unamshtaki nani, mwalimu?"

"Simshtaki mtu. Najiandikia kanuni ya maisha."

"Ujifunge mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ukiivunja, hakimu nani?"

"Dhamiri yangu."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mteja aliyechagua kofia isiyomtosha. "Yaani hakimu wewe, mshtakiwa wewe, askari wewe. Hiyo mahakama ndogo, mwalimu. Mtabanana."

Nilicheka kwa adabu na nikaondoka nikimhurumia kwa kutokusoma.

Niliandika vifungu ishirini na viwili. Niliviandika kwa wino mweusi, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Kifungu cha kwanza kilinitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Cha sita kilinikataza kucheka kwa sauti. Cha tisa kilikuwa cha kufunga kula hadi saa tisa alasiri, kila siku ya Kwaresima, ingawa Kanisa halikuniomba kitu kama hicho. Cha kumi na nne kilikuwa cha ukimya, kuanzia saa sita mchana hadi hiyo saa tisa. Na cha kumi na moja, kilichonipendeza kuliko vyote, kilisema hivi: "Sitagusa pombe, wala kwa ulimi."

Maneno hayo matatu ya mwisho niliyaongeza usomaji wa pili. Sentensi ilionekana fupi mno bila hayo.

Siku ya kusomeana, seremala alisoma kanuni yake, karani akasoma yake. Zilikuwa za kawaida, nami nikazisahau papo hapo. Kisha katekista akasimama. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye watoto saba na miguu mikubwa isiyopata viatu, aliyefundisha katekisimu kijijini kwetu tangu mimi sijazaliwa. Kanuni yake ilikuwa nyuma ya bahasha iliyotumika.

"Moja," akasoma. "Nitasali asubuhi kabla sijasema na mtu. Mbili. Sitampiga mke wangu, hata nikiwa na sababu. Tatu. Nitarudisha jembe la watu."

Tukangoja. Akakaa.

"Jembe la nani?" karani akauliza.

"La watu," akasema katekista. "Ni mengi."

Nilipoanza kusoma ya kwangu, padri alikuwa amekaa wima. Nilipofika kifungu cha nane alikuwa ameegemea ukuta. Kifungu cha kumi na moja alinikatiza.

"Nani amekuomba ulimi?"

"Padri?"

"Pombe, sawa. Kijana anaweza kuacha pombe. Lakini ulimi, nani amekuomba?"

Nikasema nilitaka kufunga hata mlango mdogo. Akasema, "Futa nusu ya hivi vifungu, mwalimu. Halafu ile nusu iliyobaki, ifute nusu." Sikufuta hata nukta. Niliamini padri ananijaribu, kama wanavyojaribiwa watakatifu. Jumatano ya Majivu kanuni yangu ililala altareni juu ya zile nyingine na kuzifunika zote.

Wiki ya pili ya Kwaresima, kijijini kwetu alikufa mdogo wake jirani yetu.

Jirani huyu nyumba yake na ya mama zilitazamana. Mdogo wake alikuwa amepita kwa mama mchana mmoja, akapewa pombe kidogo ya ulezi kama mpita njia yeyote, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake akashikwa na tumbo. Siku ya tatu akafa. Mhudumu wa zahanati ya misheni alisema utumbo ulijisokota. Watu walilisikia neno hilo, wakalipeleka nyumbani, wakaligeuzageuza. Utumbo ulisokotwa na nani?

Hakuna aliyelisema swali hilo mbele ya mama. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na sheria: ukimwita mtu mchawi, unafungwa wewe. Zamani ungepelekwa kunywa mwavi, ile sumu ya kupimia watu, ukitapika umepona, usipotapika basi. Hilo nalo lilikatazwa. Kwa hiyo watu walijifunza kushtaki bila kutamka. Walikusalimu vizuri. Waliuliza habari za kuku. Kitu kimoja tu hawakufanya: hawakunywa kwako. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mwanamke mmoja upande wa mtoni ambaye watu waliacha kunywa kwake. Hakutukanwa, hakupigwa. Baada ya mavuno mawili alifunga mikeka yake akateremka Kipili, ziwani, kwa watu asiowajua, na hakupanda tena kuja uwandani.

Haya yote niliyajua. Nilikwenda mazikoni, nikaona jinsi wanawake walivyomwachia mama nafasi kubwa ya kukaa, kubwa kuliko alivyohitaji. Nikajisemea: ujinga. Nikapanda baiskeli nikawahi kifungu cha kumi na nane, ambacho kilikuwa nusu saa ya kusoma maisha ya watakatifu.

Siku chache baadaye mama aliniletea ujumbe kwa mdomo wa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ujumbe ulikuwa mfupi. Jumamosi watu wamealikwa kulima ntumba. Uje ufungue chungu.

Ntumba ni yale matuta ya duara tunayolima Ufipa mvua zikikaribia kwisha. Nyasi zinakatwa zikiwa mbichi na ndefu, zinafunikwa kwa udongo, zinaoza humo ndani, na mwaka unaofuata ulezi unazikuta tayari. Ni kazi nzito, haifai mtu mmoja. Unaalika kijiji, watu wanalima asubuhi, mchana wanakunywa. Na kufungua chungu maana yake mwanamume wa nyumba anachota kata ya kwanza, anakunywa mbele ya wote, ndipo anampa mgeni. Tangu baba afariki, baba mdogo ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Mimi nilikuwa shule za bweni tangu nina miaka minane; vyungu vilifunguliwa nikiwa najifunza majina ya mito ya Ulaya.

Baba mdogo alisimama pale uwanjani kwa shule akizungusha kofia mikononi.

"Mama yako amesema wewe, si mimi."

"Kwa nini mimi, baba mdogo?"

"Wewe ndiye uliyetoka tumboni mwake," akasema. Akangoja kidogo aone kama nimeelewa. Nikamwambia nitakuja. Akavaa kofia akaondoka, na mpaka leo nakumbuka mgongo wake ukisita pale getini, kama mtu aliyesahau kitu.

Nilielewa kwamba napewa heshima, na kwamba heshima hiyo imekutana na kifungu cha kumi na moja. Nilitafakari siku tatu. Suluhisho nililolipata lilinifurahisha kiasi kwamba nililala vizuri. Ningechota kata, lakini badala ya kunywa ningeibariki. Ishara ya msalaba, sala fupi ya Kilatini, kisha nimpe mgeni. Kilatini, kwa hesabu zangu, hakikuvunja kifungu cha kumi na nne cha ukimya, kwa kuwa sikuwa nasema na mtu. Baraka si bora kuliko kuonja? Nilijiona nimeukristisha mkutano mzima kwa pigo moja.

Jumamosi nilifika ukungu haujaondoka. Watu walikuwa wamekuja, wengi. Nikamwambia mama, unaona? Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kimefungwa kwa nguvu kifuani.

"Kulima wanalima," akasema. "Ukikataa kulima, umesema. Hawataki kusema."

"Watakunywa, mama."

"Utawapa wewe."

"Nitawapa."

Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama anayepima hindi kama limekauka, akarudi jikoni.

Tulilima kuanzia nyuma ya nyumba kuelekea bondeni. Jirani, yule aliyefiwa, alichukua mstari wa pembeni yangu. Kichwa alikuwa amenyoa kwa ajili ya msiba. Alilima vizuri, bila haraka. Kwa kawaida kazi ya ntumba ina kelele; watu wanataniana, anayebaki nyuma anaimbwa. Siku ile yalisikika majembe tu na nyasi zikikatika. Katekista, aliyekuwa mstari wa chini, alijaribu kuanzisha utani.

"Hili jembe mnaliona? La kwangu mwenyewe!"

Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye tuta lake. Mimi tumbo langu lilikuwa tupu tangu jana yake saa kumi na mbili jioni, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, na viganja vyangu vilivyozoea chaki vilikuwa vimeanza kutoa malengelenge.

Jua lilipofika utosini tukapanda uani. Wanaume walikaa kwa nusu duara, wanawake nyuma yao kwenye ukuta wa jiko. Chungu kilikuwa katikati, kimefunikwa kwa ungo, ulezi ukinuka utamu na uchachu. Mama alitoka akaondoa ungo, akanipa kata, akarudi hatua tatu. Nakumbuka kuwa ni tatu.

Nikapiga magoti. Nikachota. Povu lilikuwa la kahawia, nalo lilinung'unika kidogo juu ya kata. Nikafanya ishara ya msalaba juu yake na kuanza Kilatini changu kwa sauti ya chini, ya heshima, ile ambayo padri huitumia kwenye sala za chini kwa chini za misa. Nikamaliza. Nikainua kata kwa mikono miwili nikaipeleka kwa jirani.

Hakunyoosha mkono.

Yeye alikuwa ameona nini? Alikuwa ameona mtoto wa mama anachota pombe, anainamia kata, anaitemea maneno ambayo hakuna Mfipa anayeyajua, kisha, bila kugusisha mdomo, anampa mtu ambaye mdogo wake ana siku kumi kaburini. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi na sijapata kuona somo lililoeleweka upesi na wote kama lile.

"Mwalimu," akasema jirani. Sauti yake haikupanda. "Wewe kwanza."

"Nimeibariki, baba."

"Nimeona. Wewe kwanza."

"Mimi sinywi. Nina kanuni."

"Kanuni ya serikali?"

"Hapana."

"Ya padri?"

"Yangu. Nimejiandikia."

Nyuma ya jirani mzee mmoja akanyanyuka taratibu, akaanza kutafuta fimbo yake. Mwingine akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea. Nilianza kuelewa, lakini kama mtu anayesikia baridi ya maji miguuni wakati mto umekwisha kumfika magotini.

Mama alikuja. Alichukua ile kata mikononi mwangu, akaipeleka mdomoni mwake.

"Weka chini, mama wa mwalimu," akasema jirani, bado kwa upole. "Wewe uliyepika unajua ulichokula kabla cha kujikinga. Hatutaki kukuona wewe. Tunataka kumwona yeye. Hakuna mama atakayemfanyia mwanawe."

Hapo ndipo niliposikia maneno ya baba mdogo sawasawa. Wewe ndiye uliyetoka tumboni mwake. Mama hakuwa ameniita kunipa heshima. Alikuwa ameniita niwe ushahidi wake, shahidi pekee ambaye kijiji kizima kingemkubali, na mimi nilikuja na Kilatini.

Ungedhani nilinyakua kata nikanywa. Ningependa kuandika hivyo. Nilisimama. Mama aliirudisha kata mikononi mwangu, nami nikasimama nayo, pombe ikitikisika, nikiwaza habari za sakristia kesho. Niliwaza jinsi nitakavyosema mbele ya karani na seremala kwamba nimeanguka kifungu cha kumi na moja, kile chenye ulimi. Niliwaza altare. Mama yangu alikuwa anapoteza nyumba yake mbele ya macho yangu, mimi nawaza mwandiko.

Wazee wawili walikuwa wamekwisha simama. Mwanamke mmoja ukutani akamvuta mwenzake kanga.

"Mwalimu," akaita katekista. Hakuinuka alipokaa. "Ile kanuni yako niliisikiliza yote. Mgongo uliniuma, lakini niliisikiliza. Vifungu ishirini na viwili, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama yako yumo kifungu gani?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta kweli, pale pale, kuanzia cha kwanza. Kulikuwa na kitanda, kulikuwa na kicheko, kulikuwa na mishumaa, viatu, namna ya kukaa kanisani. Mtu mwingine yeyote zaidi yangu hakuwemo.

Nikanywa.

Nikanywa yote, kwa kuwa niliogopa kwamba nikiacha tone wataniuliza habari za hilo tone. Nikafuta mdomo. Nikachota tena, nikampa jirani.

Akaipokea, lakini hakunywa. Akaiweka chini kati ya miguu yake.

"Tukae kidogo," akasema.

Wale wazee wakakaa. Watu wote wakakaa. Nikagundua kwamba wananitazama mimi, na kwamba watanitazama hivyo hivyo mpaka waridhike.

Sasa fikiria. Mtu asiyewahi kunywa. Hajala tangu jana jioni. Amelima nusu siku juani. Ametia tumboni kata nzima ya pombe ya ulezi ya mama yangu, ambayo hata walevi waliiheshimu. Haikupita muda nikaona nusu duara ile ya watu inageuka duara kamili. Masikio yalianza kuvuma. Jasho la baridi likanitoka mgongoni, na mate yakajaa mdomoni, yale mate ambayo kila mtu anajua yanatangulia nini.

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi ukawa wa majivu. Alijua kwamba nimefunga. Asubuhi nilikuwa nimeukataa uji wake, naye hakubishana. Yeye peke yake pale uani alijua naumwa njaa, siyo sumu. Na asingeweza kusema, kwani nani angemsadiki?

Kama ningeanguka, mama angeteremka Kipili. Kama ningetapika, wapo ambao wangekumbuka mwavi na kusema nimepona, na wapo ambao wangesema sumu hiyo imetoka. Sikuwa na hamu ya kujua ni wangapi upande gani.

"Mama," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito, "nina njaa. Kuna ugali?"

Hata saa tisa haijakaribia. Kifungu cha tisa kikaenda; cha kumi na nne kilikuwa kimekwisha kwenda nilipomjibu jirani. Mama aliingia jikoni, akatoka na ugali wa ulezi na maharage, akauweka mbele yangu, nami nikala mbele ya watu thelathini walionyamaza, tonge kwa tonge, nikitafuna kila moja kama mtu asiye na haraka. Tonge la tatu lilitaka kurudi. Nikalikataza. Machozi yalinitoka, nikasema pilipili, na katekista akasema, "Maharage ya mama wa mwalimu yana pilipili kweli," ingawa hayakuwa na hata moja.

Kisha nikasimama. Nilijua nikiendelea kukaa nitalala, na mtu anayelala baada ya kata moja hawezi kueleza kitu. Nikachukua jembe lililoegemea ukuta nikashuka shambani nyuma ya nyumba, mahali ambapo wote wangeweza kuniona. Nikaanza tuta. Nikakata nyasi, nikazikusanya duara, nikavuta udongo. Jembe lilinikosa mguu kwa upana wa kidole. Nikamaliza tuta moja, likiwa limepinda upande kama kofia ya mlevi, na kweli mlevi ndiye aliyelilima. Nikaanza la pili. Malengelenge yalipasuka na mpini ukawa unateleza. Sikutazama uani. Nilisema moyoni sala moja tu, tena haikuwa na Kilatini: nisimame. Nikamaliza la pili. Nikaanza la tatu.

Nilikuwa kwenye la tano, kichwa kimeanza kutulia, niliposikia jembe lingine pembeni yangu. Jirani alikuwa ameshuka. Hakunitazama. Alilima tuta lake, zuri, la duara, kisha akalitazama la kwangu la kwanza.

"Mwalimu, hili nalo litaota ulezi?"

"Sijui, baba."

"Litaota. Lakini utavunwa umeinama."

Tukapanda naye uani. Akakaa mahali pake, akaichukua ile kata iliyokuwa imetulia na povu limekufa, akanywa. Hakumaliza. Akatema kiganda cha ulezi.

"Chachu," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Mama wa mwalimu, pombe yako chachu kama siku zote."

"Chachu wewe!" mama akajibu kutoka jikoni. "Mtu alalie kata mchana kutwa, halafu anasema chachu."

Mtu akacheka. Kisha wengi. Kata ikapita. Mzee wa fimbo akainywa mara mbili. Si wote waliokunywa. Wanne au watano waliaga wakisema wana ng'ombe, na mmoja wao nilijua fika hana hata mbuzi. Lakini jirani alikuwa amekunywa, na kifo kilikuwa cha kwake. Mama hakuhama. Alikaa kijijini pale mpaka alipozeeka, na jirani yule alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.

Jumapili sakristia nilisema yote. Karani alitazama dirishani. Seremala alitazama viatu vyake. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimebakiwa na karatasi. Nikasema ninayo moja.

"Andika kidogo," akasema.

Katekista aliposimama kusema alipoanguka, alisema ameshindwa kifungu cha tatu. Alikuwa ameondoka kwa mama na jembe ambalo si la kwake.

Nimejiandikia kanuni kila Kwaresima tangu hapo, hata chuoni, ambako nilijifunza maneno marefu ya kuelezea mambo kama yale ya uani kwetu na kuyaandikia insha iliyosifiwa. Siku hizi kanuni yangu inaenea nyuma ya bahasha. Naianza na majina ya watu kabla sijaandika lolote la kunihusu mimi, na bado kila mwaka kuna mmoja ninayemsahau.

Lakini lile nililolifanya pale uani halikuishia kwenye kuonja. Nilisimama na ile kata mkononi kabla ya kunywa, na mama aliuona urefu wa kule kusimama. Hakunisema hata siku moja. Mwaka uliofuata nilirudi likizo wakati wa ntumba, nikalima na wengine, mchana tukakaa nusu duara. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekula. Mama alitoka, akaondoa ungo, akatazama watu, akampa kata baba mdogo.

Baba mdogo akanywa, akampa jirani. Jirani akanywa, akanipa mimi. Nilipoipokea nikamtazama mama, naye alikuwa ananitazama.

"Ukipenda," akaniambia, kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni.

Nikanywa.